Neno Lililombakisha Vuai Pangoni

Kila mnapokuja hapa kwangu Kiponda, nyinyi mnaojifunza ukalimani, hamkosi kuniuliza ni neno gani la Kiingereza lililonitaabisha kuliko yote katika miaka yangu ya kazi. Nawaona mnashika kalamu, mnategemea nitataja neno refu la mahakamani au jina la maradhi. Huwa nacheka, nawatilia chai, nageuza mazungumzo. Leo sitageuza. Neno lenyewe mnalijua nyote tangu skuli ya msingi. Ni left.

Naona mnatabasamu. Mnalijua kwa maana ya kushoto, na mnajua pia kwamba ni kuondoka kulikokwisha kupita: fulani left, fulani kaondoka. Lakini neno hilohilo, bila kubadilika hata herufi moja, ni kubaki. Vitumbua vitatu left, ndivyo vitumbua vitatu vilivyosalia sahanini. Na ni kuacha pia: kuacha mwavuli kibandani, kuacha urithi, kuacha mke. Aliyeondoka na aliyebaki, Mwingereza anawaita kwa neno moja, na halimtatizi kwa kuwa kazaliwa nalo. Tunaotatizwa nalo ni sisi tunaosimama katikati.

Mimi nilifundishwa kazi na Maalim Haidar, aliyekuwa mkalimani wa mahakamani kabla hajastaafu. Alikuwa akitusomesha nyumbani kwake Mkunazini, watu watatu au wanne tu, na kila mmoja wetu alikuwa na daftari la maneno. Nilipofika kwenye left niliandika mistari miwili nikageuza karatasi. Akanirudisha. Akanambia neno hili niliachie ukurasa mzima mtupu. Niliona mzee anapenda kuharibu karatasi, lakini nilitii. Kisha akatuonesha namna ya kulikamata. Tusilitazame lenyewe, alisema, tuyatazame yaliyotangulia. Likitanguliwa na has, mtu keshakwenda zake. Likitanguliwa na is, kuna kilichobaki. Likitanguliwa na the, basi huo ni mkono au ni upande wa njia. Masikio yetu yawe kwenye vineno vidogo, kwa sababu maneno makubwa yanajileta yenyewe.

Na nilikuwa mwanafunzi mzuri, lakini si mara zote. Kuna mgeni mmoja wa kike, katika hoteli moja kule Mbweni, aliyerudi peke yake kutoka mjini amechoka na jua. Mlinzi wa mlangoni, mzee mmoja mcha Mungu, alinitaka nimuulize mumewe yuko wapi. Bibi akajibu kwamba kamwacha Darajani, akilitumia neno letu hili, nami nikalifasiri palepale: "Amemwacha mume wake Darajani." Mzee akashika kichwa. Kwake yeye, kuacha mume au mke ni talaka, na hajapata kusikia mwanamke akitoa talaka, tena sokoni. Akamletea yule bibi kiti na maji, akamwangalia kwa huruma kubwa, akamwomba asubiri, asifanye haraka. Yule bibi, kuona huruma ile, akadhani mumewe amepatwa na ajali na habari zimefika hotelini kabla yake. Akaanza kulia. Mume akateremka kwenye teksi nusu saa baadaye na mfuko wa karafuu na mdalasini, akakuta watu watano wamemzunguka mkewe, nami mmoja wao, sijui pa kuuweka uso.

Baada ya hapo nilijifunza kuuliza. Daktari mmoja mgeni wa macho alinambia, kwa sentensi moja, kwamba jicho la kushoto ndilo pekee lililobaki, akalitumia neno hilohilo mara mbili. Sikuona haya. Nilimwomba anioneshe kwa kidole ndipo nimwambie mgonjwa. Kwa hivyo nilikuwa nalijua neno hili na hila zake. Nawaambia mapema, msije mkadhani kosa nitakalowaeleza lilikuwa la ujinga.

Nilikuwa nakaribia arubaini. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaenea, lakini nilikokwenda hazikushika. Walinichukua wageni watatu waliokuja kupima mapango ya kisiwa na kuyachora. Mkubwa wao alikuwa Bi Margareti, mtu mzima, mwembamba, wa maneno machache. Wawili walikuwa wanafunzi wake, Piter na Ana. Pango lenyewe liko upande wa Chwaka, ndani ya maweni, ile nchi ya mawe makali na vichaka ambako hata mbuzi anatazama anapokanyaga.

Pango lile lilikuwa na mlinzi. Jina lake Bi Kazija, mwanamke wa miaka sabini hivi, na mama yake na bibi yake walikuwa walinzi kabla yake. Watu wa pale wanaamini pango lina wenyewe wasioonekana, na aingiaye huomba ruhusa kwake. Nilipomwamkia aliitikia marahaba bila ya kunitazama, akitazama mlango wa pango. Masharti yake yalikuwa mawili. Kila mtu avue viatu mlangoni, na kila mtu ataje jina lake kwa sauti kabla ya kuingia. Wageni walitii. Bi Kazija alivipanga viatu vyao kwa mkono wake, jozi baada ya jozi, vidole vikielekea nje. Nilimuuliza kwa nini vielekee nje. Akasema ili vijue vinakorudi.

Alikuwa na watoto wawili wa kiume, wachoma chokaa wote wawili, na ndio waliowaongoza wageni. Mkubwa aliitwa Ameir na mdogo Vuai. Ameir alikuwa mtu wa hasira za karibu. Vuai alikuwa wa kucheka, hana mwaka tangu aowe, na kila kona ya pango aliijua.

Nikuelezeni pango lilivyo, maana bila hivyo hamtafahamu. Ukiingia unapita ukumbi mkubwa, kisha unafika kwenye shimo jembamba ambalo watu wa pale waliliita koo. Kooni unateremka kwa kamba, kiasi cha urefu wa watu wawili. Ukifika chini, njia inagawika: moja inakwenda kulia, moja inakwenda kushoto. Kule chini maji ya bahari hupenya chini ya mawe, kwa hivyo bahari ikijaa na pango hujaa. Siku ile maji yalikuwa ya bamvu, yale yanayojaa kupita siku zote, na tulikuwa tumekubaliana kila mtu awe nje kabla ya adhuhuri. Kitu kimoja tena: mtu mwepesi angeweza kutokea juu kupitia tundu la popo, mbali kidogo na mlango, na Vuai alikuwa na tabia ya kutokea huko.

Wakateremka wanne: Bi Margareti, Piter, Ana na Vuai. Ameir alibaki juu ya koo na kamba yake. Mimi nilikaa mlangoni pamoja na Bi Kazija, mkononi nina redio ya upepo, ile ya kubonyeza kitufe ndipo useme. Bi Margareti alikuwa na nyengine kule chini. Yeye akisema, mimi nampazia sauti Ameir kwa Kiswahili, naye anafanya. Kazi nyepesi, ya kukaa.

Lakini sikukaa kwa raha. Pale mlangoni upepo ulikuwa ukitoka ndani, baridi, unakupiga miguuni, halafu unakatika. Baada ya muda unageuka na kuingia. Bi Margareti alikuwa amenieleza kwamba ni bahari inaisukuma hewa, na sikuwa na sababu ya kumkatalia. Redio nayo ilikuwa inakwaruza, na katika ule mkwaruzo mara kwa mara nilidhani nasikia watu wanazungumza mbali, mazungumzo ya kawaida kabisa, ya ukumbini kwa mtu. Nilimwambia Bi Kazija. Akanambia nipunguze sauti, nisisikilize yasiyokuwa yangu.

Ilikuwa karibu na saa tano na nusu Ameir alipopaza sauti kuwa maji yanapanda, anataka kujua wanakuja wangapi. Hapohapo redio ikakohoa. Nilisikia "Vuai", pakapita mkwaruzo, nikasikia "left". Hakuna kilichotangulia, hakuna kilichofuatia. Vile vineno vidogo vya Maalim Haidar vilikuwa vimemezwa vyote.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Ilikuwa nibonyeze tu na niulize. Ameir akaita mara ya pili, kwa ukali, na nikalikumbuka lile tundu la popo, na maana ikanijia imekamilika kama niliyoletewa na mtu. Nikapaza sauti: "Vuai ameshatoka. Wamebaki watatu."

Akatoka Ana, akatoka Piter, akatoka Bi Margareti, wote wamelowa mpaka kiunoni. Nyuma yao akatoka Ameir, kamba ameiviringisha begani. Kila aliyefika alivaa viatu vyake. Walipokwisha kuvaa, pale chini ilibaki jozi moja, ndara za mikanda ya buluu, zinatazama nje.

Bi Kazija hakunyanyua sauti. "Bi Zuhura, umesema mwanangu ametoka. Ametoka wapi bila ya viatu?"

Nikasema pengine katokea kwenye tundu la popo na yuko njiani anakuja. Wakati nasema hivyo Bi Margareti alikuwa akiitazama ile kamba begani kwa Ameir. Akaniuliza kwa nini Ameir ameondoka kooni. Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe, kwenye redio, alisema Vuai left. Akaitika kwa kichwa. Ndiyo, alisema hivyo. Kisha akanyanyua mkono wake wa kushoto, akaunyoosha pembeni.

Wanangu, sijapata kuona mkono ulionitisha kama ule. Vuai alikuwa amekwenda njia ya kushoto kuichukua taa iliyosahauliwa kule, na Bi Margareti alikuwa akituomba tumsubiri na kamba. Nilielewa yote kwa mara moja. Nilijua pia kwamba ni mimi na wageni tu tuliofahamu lile neno, nao Kiswahili hawakijui, na kwamba kama ningetaka ningeweza kusema redio ndiyo iliyoharibu, au mgeni ndiye aliyekosea, na hakuna mtu pale ambaye angenikanusha.

Nikawaambia Bi Kazija na Ameir kwamba kosa ni langu. Neno lilikuwa na maana tatu, mimi nimechagua moja bila ya kuuliza, na Vuai yuko ndani.

Ameir alinitazama namna ambayo sitaieleza. Mama yake akasema, "Basi nendeni mkamlete. Wewe uliyemtoa kwa mdomo, kamwite kwa mdomo. Mwite jina lake mara tatu. Usizidishe."

Nilivua viatu na buibui, nikajifunga leso mbili, nikaingia. Nilitaja jina langu mlangoni, sauti haikutoka vizuri, nikalitaja tena. Bi Margareti alitaka kuteremka nasi, lakini miguu ilikuwa inamtetemeka kwa baridi, akabaki juu ya koo kushika kamba pamoja na Piter. Tukateremka wawili, Ameir mbele na taa ya kichwani, mimi nyuma sina taa. Chini maji yalinifika magotini na yalikuwa yakipanda. Unayahisi ngozini, kama mtu anakuvuta nguo kwa kidole.

Tukasimama pale njia inapogawika. Nikaita, "Vuai!"

"Naam."

Ilitoka njia ya kulia. Haikuwa sauti ya mtu aliye taabuni. Ilikuwa naam ya adabu, ya mtu aliyeitwa yuko jikoni, anakuja anapangusa mikono. Ameir akashusha pumzi. Nikaita mara ya pili, ikaitika mara ya pili, palepale kulia. Nikaita mara ya tatu, ikaitika.

Ameir akageukia kulia. Nikamshika mkono. Nikamwambia Vuai yuko kushoto.

"Masikio yako yako wapi?" akasema. "Ushatwambia ametoka. Sasa watwambia yuko kushoto. Mara hii tena nikusikilize?"

Hakuwa na sababu ya kunisikiliza, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia neno nililikosea, lakini mkono wa Bi Margareti niliuona kwa macho yangu. Akasema sauti nayo tumeisikia kwa masikio yetu. Maji yalikuwa yameshapita magoti. Nikaona tukibishana Vuai atakufa, yuko kulia au yuko kushoto. Nikauachia mkono wake, nikaingia njia ya kushoto peke yangu, gizani, napapasa ukuta, kwa tamaa kwamba hataweza kumwacha mwanamke akaenda bila ya taa.

Nilikuwa nimekwenda hatua tano au sita. Nilikuwa nimeshaita mara tatu na sikuzidisha. Nyuma yangu, ile sauti ikasema tena, "Naam."

Haikuitwa na mtu. Na ilikuwa imesogea.

Ameir alinifikia kabla sijageuka, taa inarukaruka ukutani, akanipita, akawa yeye ndiye anayenivuta. Njia ikapinda, dari ikashuka mpaka tukainama, na baada ya bonde dogo tukamwona. Vuai alikuwa amesimama ukutani, maji yamemfika mbavuni, mguu mmoja umenaswa kwenye ufa. Taa yake ilikuwa imezimika. Macho yake yalikuwa wazi, anatutazama. Kiganja cha mkono kimeziba mdomo wake mwenyewe.

Ameir alizamisha mikono akauzungusha mguu ule, ukatoka na ngozi ikabaki kwenye jiwe. Vuai hakupiga kelele, kile kiganja hakukiondoa. Wakati wa kurudi maji yalikuwa yananifika kiunoni. Tulipofika pale njia inapogawika nilitazama mbele tu, na Ameir, ambaye alikuwa na taa, hakuielekeza kulia hata mara moja. Piter na Bi Margareti wakatuvuta.

Nje jua lilikuwa kali. Bi Kazija alimlaza mwanawe kivulini, akamfunga mguu, akamfunika kanga zake, akamkandakanda kifua. Hakulia mpaka alipomaliza. Mimi nilikaa mbali, nikisubiri nifukuzwe. Badala yake aliniita, akaniuliza niliita mara ngapi. Nikasema tatu. Akaniuliza niliitikiwa mara ngapi. Nikasema nne.

Akatutaka sote tuondoke pale mlangoni, twende tukakae kijijini. Kuhusu kosa langu aliniambia jambo moja tu: kwamba ningeweza kulificha na sikulificha, na kwa hilo anaweza kuniangalia usoni. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Bi Margareti alinieleza jioni ile kwamba nilichosikia ni mwangwi. Pango lina pembe nyingi, sauti inazunguka na kutokea pasipo pake. Nilimwambia mwangwi humrudishia mtu alichokisema, na mimi nilichokisema ni Vuai. Akasema atarudi kupima. Alikuwa mtu mkweli, nami nampendea hilo mpaka leo.

Baada ya wiki moja, maji yalipokuwa mafu na pango limekauka, alirudi kuipima njia ile ya kulia. Aliomba ruhusa upya, akavua viatu, akataja jina. Alipotoka alisema kwamba njia inakwenda hatua kumi na moja na kuishia kwenye ukuta mzima. Hakuna ufa, hakuna tundu, hakuna maji. Alinitaka nimwambie Bi Kazija kwamba hakuna kitu mle. Nikafasiri hivyohivyo.

"Muulize tena," alisema Bi Kazija. "Hakuna kitu, au hakuna mtu?"

Nikamuuliza. Hilo nalo kwa Kiingereza ni maneno mawili mbalimbali, na safari hii nilihakikisha nimelitaja lile lililoulizwa. Bi Margareti aliutazama mlango wa pango, akatazama karatasi yake ya vipimo. Akasema, "Mwambie nimepima kuta." Bi Kazija akaridhika na jibu hilo.

Wiki iliyopita mwenzenu Asha alinionesha simu yake, inavyofasiri yenyewe, unasema inakujibu. Nikamwambia aiambie yale maneno mawili niliyoyasikia siku ile. Ikajibu upesi, bila ya wasiwasi: Vuai aliondoka. Ilikosea palepale nilipokosea mimi, na kwa uhakika uleule. Sisemi muitupe. Nasema simu haiwezi kuuliza, na nyinyi mnaweza. Mwambieni mtu arudie. Mwambieni aseme kwa maneno mengine. Mwambieni anyanyue mkono. Mtaonekana hamjui Kiingereza, na hilo halijaua mtu. Nilipostaafu, daftari langu lilikuwa na kurasa tatu za left, na mstari wa mwisho niliouandika si maana. Ni swali: mkono, miguu, au kilichobaki?

Vuai alipona. Mguu ulimwacha na kuchechemea kidogo. Aliacha kuchoma chokaa, akahamia Bububu na mkewe, akafungua duka la vyombo vya plastiki, na sasa ana watoto wakubwa. Kwa miaka mingi sikuthubutu kwenda kwake. Nilikwenda mwaka jana, aliponiletea salamu kwamba mama yake amefariki na kwamba angependa nije kumpa mkono.

Mkewe alinikaribisha ukumbini, akamwita mumewe aliyekuwa uani. Hakukuwa na jibu. Nilidhani hakusikia, nikangojea amwite tena. Mke akanambia hapana, keshasikia, anakuja. Na kweli akaja, akachungulia mlangoni, akasimama kimya mpaka nilipomwona. Mkewe akaeleza, kama anayeeleza jambo dogo la nyumbani, kwamba mumewe haitiki. Tangu ile ajali, akiitwa huja tu. Watoto wamezoea, hata wateja wamezoea.

Tulimzungumzia marehemu, tukamsomea Fatiha. Mke alipoingia ndani kuleta kahawa, nilimwambia Vuai lile ambalo lilikuwa kooni mwangu miaka yote hiyo. Nilimwambia nilimwita mara tatu siku ile, na kwamba naomba radhi kwa kuwa hakunisikia, kwa kuwa nilimwita kwa kuchelewa.

Alitazama mlango wa uani kabla ya kunijibu.

"Nalikusikia, Bi Zuhura. Mara zote tatu. Kila nkifungua mdomo niitike, mtu keshaniitikia."